Kilomita Chache Si Risiti: Acheni Kuuziwa Belti ya Miaka 20 kwa Jina la Karen

Wasee, kuna tangazo moja mnalijua hata kama hujawahi kumiliki gari. Picha sita za Subaru Forester imepaki kwa kabro, nyuma yake ua wa kayaba umekatwa ukanyooka kama rula. Chini kumeandikwa: "Mwenyewe ni wa Karen. Ni mama alikuwa anaendesha. Kilomita 62,000 pekee. Haijawahi gongwa. Nunua uondoke nayo." Halafu komenti zinaanza: bei ya mwisho? Iko wapi? Nitumie namba. Watu wanagombania hiyo ndai kama mahindi choma ya bure.

Swali moja huwa halimo kwa hizo komenti: belti ya taimingi ilibadilishwa lini?

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kukosana na muuza gari, makanika na yule anko wako anayejua kila kitu. Kwa gari ya zamani yenye belti, kilomita chache si sababu ya kungoja. Kama hakuna risiti inayoonyesha tarehe, chukulia kwamba belti haijawahi kuguswa, na uibadilishe kabla uanze kutumia gari. Usingoje sevisi ya kwanza wala mita ifike laki moja. Badilisha kabla.

Najua kuna watakaosema naogopesha watu. Sawa. Tuanze na kile kitu chenyewe, halafu uamue kama woga wangu una msingi.

Belti inafanya nini

Ni mkanda wa mpira wenye meno, umefichwa mbele ya injini nyuma ya vifuniko vya plastiki. Ndiyo maana hauoni ukifungua boneti. Ile unaona pale nje ikizungusha alteneta ni fenibelti, hiyo ni kitu kingine kabisa. Belti ya taimingi inaunganisha krankishafti, ambayo inazungushwa na pistoni, na kamshafti, ambayo inafungua na kufunga valvu. Krankishafti ikizunguka mara 2, kamshafti inazunguka mara 1. Meno ya hiyo belti ndiyo yanahakikisha kila mmoja anafika kwa wakati wake.

Kwa injini nyingi, valvu na pistoni hutumia nafasi ile ile kwa zamu, kama watu wawili wanaopishana kwa mlango mmoja. Belti ikikatika, ama ikiruka meno kadhaa, kamshafti inasimama huku pistoni bado zinakuja. Valvu ziliyobaki wazi zinagongwa na kupinda. Hiyo inachukua muda mfupi kuliko kusema "manze". Injini nyingi za Subaru za familia ya EJ, zile za Forester, Impreza na Legacy ambazo zimejaa barabara za Nairobi, ziko kwa hilo kundi. Toyota Prado za dizeli za injini ya 1KZ na 1KD pia zinatumia belti, na Pajero za petroli za V6 vilevile.

Na belti haikatiki ukiwa umepaki. Inakatika injini ikizunguka. Sasa jiweke kwa Southern Bypass saa moja jioni, lori nyuma yako, na injini inazima ghafla. Usukani unakuwa mzito kama wa trekta. Breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu kabla iwe ngumu. Una sekunde kadhaa za kutafuta ukingo wa barabara. Kwa hivyo hapa hatuongelei pesa peke yake.

Mpira hauangalii mita

Watu wanafikiria belti inazeeka kama tairi, ati ikitembea ndiyo inaisha. Kutembea kunaimaliza, kweli, lakini joto, oili na miaka pia vinaimaliza, na hivyo vitatu havisomwi na mita.

Ndani ya belti kuna nyuzi za glasi zinazobeba uzito wote, na nje kuna mpira. Mpira unapoteza ulaini wake polepole kila mwaka, gari iwe inaenda Mombasa kila wikendi ama iwe imelala gereji. Gari ikilala, belti inabaki imekunjwa pale pale kwa zile puli ndogo kwa wiki nyingi. Sili za kamshafti na krankishafti zinakauka, zinaanza kuvuja, na oili ikidondokea belti inaifanya iwe laini na dhaifu. Rola zinazoongoza belti zina grisi ndani, na grisi nayo inazeeka. Mara nyingi hata si belti yenyewe inayoanza. Rola inakwama ama pampu ya maji inakufa beringi, halafu ndiyo belti inararuka.

Kuna wale watasema, "Karen ni baridi, mpira haukauki huko." Buda, baridi ya Karen iko nje. Injini ikishapata moto, maji yake yanafika karibu nyuzi 90 iwe uko Karen ama uko Lodwar. Belti inaishi huko ndani, haiishi kwa bustani.

Waliotengeneza hizi gari wanalijua hili. Ndiyo maana kwa Subaru za EJ kule Marekani, ratiba ya sevisi ilisema maili 105,000 ama miezi 105, chochote kitakachotangulia. Maili 105,000 ni kama kilomita 169,000. Miezi 105 ni miaka 8 na miezi 9. Kwa nini mtengenezaji aandike miezi kama kilomita zinatosha? Kwa sababu hazitoshi. Kule Japani nako kipimo ambacho watu wengi wanakitumia ni kilomita 100,000 ama miaka 10. Sisi tulichukua ile namba ya kilomita tukaitundika ukutani, ile ya miaka tukaitupa.

Hesabu ya darasa la nne

Mimi niliacha chuo, sikuacha hesabu. Chukua hiyo Forester ya tangazo. Namba zake ni KB-kitu, na muuzaji anasema "iliingia 2011." Sheria ya Kenya inaruhusu gari ya mtumba isiyozidi miaka 8 tangu iliposajiliwa mara ya kwanza huko ilikotoka. Kwa hivyo gari iliyoingia 2011 inaweza kuwa iliundwa 2004. Namba ya gari inakuambia ilifika Kenya lini, haikuambii ilizaliwa lini. Logibuku ya NTSA ina mwaka wa kuundwa, usome huo.

Iliundwa 2004, kwa hivyo kufikia 2025 ina miaka 21. Mita inasema 62,000. Makanika anakuambia, "Hiyo bado, ngoja ifike laki moja." Sawa, tungoje. Zimebaki kilomita 38,000. Ukiendesha kama yule mama, tuseme kilomita 4,000 kwa mwaka, utafika laki moja baada ya miaka 9 na nusu. Belti itakuwa na zaidi ya miaka 30. Hiyo belti itakuwa mzee kukuliko wewe unayesoma hii.

Ukiona ushauri unakupeleka kwa jibu kama hilo, huo ushauri haufai kwa gari isiyotembea. Kanuni ya laki moja inafanya kazi kwa mtu anayeendesha kilomita 15,000 ama 20,000 kwa mwaka, kwa sababu kwake kilomita zinatangulia miaka. Kwa gari ya Karen inayoenda The Hub, kanisani na kurudi, miaka ndiyo inatangulia. Gari ya kilomita chache ndiyo hasa inatakiwa kuhesabiwa kwa kalenda.

Halafu hizo kilomita zenyewe si sawa. Kwa barabara kuu, ukienda 80 kwa saa injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila kilomita inakula kama mizunguko 1,875. Sasa njoo Ngong Road jioni, kutoka Dagoretti Corner kupita Lenana hadi Karen, ama Langata Road pale Galleria wakati wa watoto kutoka shule. Tuseme umetembea kilomita 10 kwa saa nzima, injini inazunguka wastani wa mara 1,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 6,000 kwa kila kilomita, zaidi ya mara 3 ya ile ya barabara kuu. Mita inaandika kilomita moja pande zote mbili. Belti inajua tofauti.

Na bado hatujauliza: hiyo 62,000 umeambiwa na nani? Na mita. Kila mtu Nairobi anajua mita ya kidijitali inaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta na dakika chache. Kama gari imetoka Japani juzi, itisha karatasi ya mnada, kilomita huandikwa hapo. Kama imekaa Kenya miaka 14, angalia usukani kama umeng'aa, raba ya pedali ya breki kama imeisha, kiti cha dereva kama kimezama upande mmoja. Pedali iliyoisha haikubaliani na kilomita 62,000.

Visingizio, kimoja kimoja

"Taa ya belti haijawaka." Hii ni ya watu wa Prado. Ni kweli Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwa dashibodi. Lakini hakuna sensa yoyote inayoangalia belti. Hiyo taa inahesabu kilomita tu, ikifika 100,000 ama 150,000 kulingana na injini, inawaka. Haijui miaka. Haijui oili inavuja. Na inaweza kuzimwa bila mtu kugusa belti hata kidogo. Kwa hivyo taa ikiwaka, badilisha. Isipowaka, haijakuambia chochote.

"Nimefungua nikaangalia, haina nyufa." Belti za siku hizi zina mpira mgumu wa aina ya HNBR, na zinaweza kufika mwisho wake bila kuonyesha ufa wowote. Nyuzi za ndani ndizo zinachoka, na hizo huzioni. Ukiona nyufa, umechelewa. Usipoziona, bado hujajua kitu.

"Imebandikwa karatasi, ilibadilishwa 2022." Hapa ndipo wengi wanachomwa. Mafundi wa Japani wana tabia nzuri ya kubandika stika kwenye injini wakibadilisha belti, na tarehe na kilomita. Lakini Wajapani wana kalenda yao ya enzi za wafalme. Mwaka wa 22 kwa stika unaweza kuwa mwaka wa 22 wa enzi ya Heisei, na huo ni 2010. Muuzaji anaona 22, anakuambia 2022, na labda hata hadanganyi, hajui tu. Tumia simu yako kutafsiri hiyo stika, halafu linganisha kilomita zilizoandikwa pale na za dashibodi. Kama stika ina kilomita nyingi kuliko mita, umeokoa pesa zako zote kwa sekunde kumi.

"Ikikatika nitatafuta injini nyingine Kirinyaga Road." Sawa, enda Grogan uulize bei. Kazi ya belti na vitu vyake ni ya maelfu hadi makumi ya maelfu, kulingana na gari. Injini ya mtumba ya Subaru inahesabiwa kwa laki, bado hujalipa kuitoa ya zamani, kuweka mpya, oili, na kubadilisha namba ya injini kwa logibuku. Na sasa sikiliza hii: hiyo injini ya mtumba inakuja na belti yake ya zamani, ambayo pia hujui ilibadilishwa lini. Kwa hivyo baada ya kununua injini, bado utanunua belti. Ile pesa uliyokataa kutoa mwanzo utaitoa tu, ikiwa na injini nzima juu yake.

"Usiguse kitu hakijaharibika." Hii inafanya kazi kwa redio. Kwa kitu ambacho kikiharibika kinavunja vingine vyote, ni msemo wa mtu ambaye hatalipa.

Karen haifanyi sevisi

Sasa tufike kwa kile kinaniudhi zaidi. Kwa nini neno "Karen" linauza gari? Kwa sababu tumeamini mtu mwenye pesa hutunza vitu. Tunaona lango, tunaona ua, tunaona mbwa wawili wakubwa, tunafunga macho. Gari hiyo hiyo ikiwa ya makanika wa Kawangware tungeikagua hadi boliti ya mwisho. Ikiwa ya Karen tunauliza bei tu.

Kuwa na pesa ya kununua gari hakumaanishi mtu hufungua boneti. Wako watu Karen wenye faili nene, kila risiti tangu siku ya kwanza, kila sevisi imepigwa muhuri. Hasa wageni wanaofanya kazi na mashirika na balozi, wengi wao huuza gari wakiondoka nchini na huwa na rekodi safi. Hao waheshimiwe, na bei yao ilipwe. Lakini kinachostahili bei hapo ni faili. Mtaa haujawahi kubadilisha belti ya mtu.

Upande wa pili, uliza madereva wa nyumbani. Kwa nyumba nyingi, anayejua hali ya gari ni dereva. Akisema, "Mama, hii gari inataka taimingi," anaambiwa, "Hiyo gari inaenda Hub na kanisani tu, bado ni mpya." Atasema mara ya pili? Hapana, kazi ni ngumu kupata. Siku belti ikikatika, swali la kwanza ni, "Wewe uliendesha vipi?" Yule aliyeonya ndiye anabeba lawama. Na kama haijakatika, gari inauzwa ikiwa hivyo hivyo, na hatari yote inahama kutoka kwa mtu wa Karen hadi kwa kijana wa Rongai aliyechukua mkopo wa chama kununua gari yake ya kwanza.

Huyo kijana ndiye ninamwandikia. Mwenye nyumba ya ekari moja akiharibikiwa na injini, ataudhika wiki moja. Wewe injini ikikufa mwezi wa pili, utalipa mkopo wa gari isiyotembea mwaka mzima, na biashara ya keki uliyonunulia gari isimame. Muuzaji yuleyule atakuambia uliiangalia ukaikubali. Na atakuwa anasema ukweli.

Si kila gari

Nikikosoa wauzaji, lazima pia niwakosoe makanika wanaouza woga. Gari nyingi mnazoendesha hazina hii shida kabisa, zinatumia cheni. Fielder, Probox, Premio na Allion za injini ya 1NZ ni cheni. Honda Fit ni cheni, Nissan Note ni cheni, Demio za kuanzia 2007 ni cheni. Forester zisizo na tabo zilianza kuja na injini ya FB yenye cheni mwisho wa 2010, lakini zile za tabo ziliendelea na belti kwa muda. Ndiyo maana usitumie mwaka peke yake. Tafuta msimbo wa injini, halafu uulize kama huo msimbo ni belti ama cheni. Makanika akikuambia 1NZ yako inahitaji belti ya taimingi, mshukuru kwa wakati wake na uondoke. Wewe wa cheni kazi yako ni kubadilisha oili kwa wakati, kwa sababu cheni huishi kwa oili safi.

Na kuna gari za belti ambazo hatari yake ni ndogo. Toyota Corolla za zamani za injini ya 5A, zile za AE110 ambazo bado ziko kila mahali, valvu zake hazigusani na pistoni hata belti ikikatika. Gari itazima, utaisukuma kando, utaweka belti mpya na maisha yataendelea. Kama una hiyo, na unaendesha mtaani tu, na pesa ni kidogo mwezi huu, naelewa ukingoja kidogo. Lakini bado itazima mahali itakapochagua yenyewe, na Southern Bypass usiku si mahali pa kusukuma gari.

Fanya hivi

Kabla ya kulipa, uliza vitu vitatu: mwaka wa kuundwa kwa logibuku, msimbo wa injini, na risiti ya belti yenye tarehe na kilomita. Ikiwa ni belti na risiti haipo, ama risiti ina zaidi ya miaka 10, pata bei ya kazi yote kwa gereji unayoiamini, halafu uitoe kwa bei ya gari. Muuzaji akisema "lakini ina kilomita chache," mjibu kwa upole kwamba ulikuwa unauliza miaka. Akikataa, kuna Forester nyingine Ngong Road, na nyingine, na nyingine.

Ukibadilisha, usibadilishe belti pekee. Badilisha tenshena, rola zote, na pampu ya maji kama inazungushwa na hiyo belti, kama ilivyo kwa Subaru za EJ. Sili zinazovuja zibadilishwe pia. Kazi ya kufungua ni ile ile, na hutaki kulipa mara mbili kwa sababu ya rola moja. Nunua spea kwa muuzaji anayetoa risiti na anayekubali kurudishiwa, kwa sababu sokoni kuna feki ndani ya maboksi yanayopendeza. Simama hapo fundi akifanya. Akimaliza kulinganisha alama, mwambie azungushe injini kwa mkono mizunguko 2 kamili na alama zikaguliwe tena kabla ya kuwasha. Fundi mzuri hufanya hivyo bila kuambiwa. Fundi anayekasirika ukimwambia amekupa habari muhimu. Ondoka na belti ya zamani, piga picha ya mita, na uandike tarehe na kilomita kwa kifuniko cha injini na peni isiyofutika. Siku utauza, hiyo ndiyo itakuwa faili yako, hata kama unaishi Rongai.

Na wewe ambaye huna gari, mwenye mathe ama guka ana Prado imelala gereji tangu watoto waache shule, kazi yako ni rahisi zaidi. Usiende na mahubiri. Leo jioni ukimpelekea chai, muulize, "Guka, belti ya taimingi tulibadilisha mwaka gani?" Akikuambia mwaka, mwombe risiti. Akikuambia kilomita, rudi umtumie hii.